Mchicha wa Leicester: shajara ya bustani yetu ya machipuo, 2025

Jumapili, 16 Februari 2025

Baada ya kukaa kwenye orodha ya kusubiri kwa miezi kumi na minne, hatimaye tumepewa nusu kiwanja. Kwa wasomaji wa nyumbani wasioujua utaratibu huu, miji ya Uingereza ina mashamba yaliyokatwa vipande vipande ambavyo mkazi hukodi kwa mwaka ili alime chakula cha familia yake, na ni sheria ya mwaka 1908 iliyozitwika halmashauri wajibu wa kuvitoa pale wananchi wanapovihitaji. Kiwanja kizima kwa kawaida huwa kama mita za mraba 250, kwa hiyo chetu ni kama 125. Kodi ni pauni 38 kwa mwaka pamoja na maji, ila mpira wa kumwagilia hauruhusiwi. Kila mtu huchota kwa keni kwenye tangi la pamoja.

Nia yetu ni kupanda mchicha na bamia, mboga ambazo mimi na mke wangu tulikua nazo Tanga na ambazo watoto wetu wawili wanazijua kama kitu kinachotoka dukani kimefungwa kwa mpira. Nimeamua kuandika kila hatua pamoja na gharama yake, ili familia nyingine ya kwetu iliyoko nchi hii, ikipenda kuiga, isianzie pale tulipoanzia sisi.

Leo tumelima matuta mawili, kila moja mita nne kwa moja na robo, kwa jembe-uma na koleo vilivyokwisha kutumika ambavyo tulivinunua kwa pauni 15. Udongo ni mfinyanzi mzito. Nilipoufinya kiganjani ulibaki na alama za vidole vyangu hadi mistari ya ngozi, na binti yangu wa miaka tisa alifinyanga kikombe chenye mkono kabla sijamaliza tuta la kwanza. Mdogo wake wa miaka mitano alipewa kazi ya kuokota mawe, akayaokota, kisha akayarudisha yale mazuri.

Katika familia wamo pia simbilisi wawili, Kitumbua na Mandazi, ambao watoto wamewaahidi sehemu ya mavuno. Niliwahi kuwaeleza watoto kwamba kule Iringa na Njombe simbilisi hufugwa kwa ajili ya kitoweo, na sidhani kama nimekwisha kusamehewa.

Jumapili, 9 Machi

Tumepanda! Kwa siku tatu jua limewaka kana kwamba limekosea nchi. Leo mchana watu walikuwa barabarani na fulana, na kijana wetu alivua koti bila kuambiwa. Pamoja na kuwa katika funga, tulifika shambani saa nne asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri, tukiwa tumesia mistari minane ya mchicha katika tuta la kwanza na mashimo ishirini ya bamia katika tuta la pili.

Kuhusu mbegu, jambo moja linafaa kujulikana mapema. Mama yangu alikuwa tayari kunipa mbegu za mchicha wake ndani ya mzigo wa mgeni anayekuja huku, lakini mbegu za namna hiyo haziingizwi Uingereza bila cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo nilimwomba aziache. Hazina tabu kupatikana hapa mradi mtu ajue majina mengine ya mmea huo: Wajamaika huuita callaloo, na katika maduka ya Wabangladeshi zipo pakiti za aina nyekundu na za kijani. Pakiti mbili za mchicha na moja ya bamia zimetugharimu pauni 6.60.

Jioni binti alimpigia bibi yake simu kumpa habari. "Shikamoo Bibi, tumepanda mchicha!" "Marahaba mjukuu wangu. Mvua imenyesha?" "Hapana Bibi, ila jua limetoka." Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema mchicha haubembelezwi, ukishatupwa chini huota wenyewe. Nimeandika maneno yake hapa kwa sababu ndiyo niliyoyategemea.

*Nyongeza ya tarehe 5 Aprili: mtu asiige hatua hii ya Machi. Sababu zimo katika ingizo linalofuata.*

Jumamosi, 5 Aprili

Bamia haijaota hata moja. Mchicha nao haujaota, ingawa kwa wiki nzima tuliamini umeota, na kosa hilo linastahili kuelezwa kwa urefu.

Siku chache kabla ya Idi, vijimea vidogo vilianza kuchomoza juu ya tuta la kwanza. Binti yangu alivihesabu vikafika 114, akawa anapita shambani kila siku akitoka shule kuvimwagilia, na tangu saa zilipopelekwa mbele tarehe 30 Machi jioni ikawa na mwanga wa kutosha hata mimi nikaweza kwenda naye kabla ya zamu yangu ya usiku. Kitu kimoja tu kilinitatiza, nacho ni kwamba vijimea havikufuata mistari. Nilijiambia huenda mwanangu alizitawanya mbegu alipokuwa akirudisha mawe yake.

Tulimtumia Mama picha. Jibu lake lilikuja kwa sauti, akicheka: "Mchicha gani huo uliopakwa unga?" Nikaenda kuvitazama kwa karibu, na kweli: majani machanga yalikuwa na rangi ya kijivu-kijani, na katikati, pale jani jipya linapochipuka, palikuwa na vumbi jeupe ambalo lilibaki kwenye ncha ya kidole nilipoligusa. Ni gugu liitwalo kwa jina la kitaalamu Chenopodium album, ambalo kwa hakika ni ndugu wa mchicha, kwa kuwa yote mawili yamo katika ukoo mmoja wa mimea. Ila lenyewe huota katika udongo wa baridi, na mbegu zake zinaweza kulala ardhini miaka mingi zikingoja mtu kama mimi aje azifukue. Jirani yetu wa kiwanja cha kushoto, mama wa Kihindi, alituambia kwao ni mboga yenye heshima na huitwa bathua. Tuliyang'oa yote, tukayachemsha, tukala. Hayana ubaya, lakini binti yangu aliyala kama mtu anayekula marafiki.

Kilichotuponza ni joto, tena joto la ardhini. Nimenunua kipimajoto cha udongo kwa pauni 8.50, na kama ningeruhusiwa kununua kitu kimoja tu mwaka huu ningenunua hicho kabla ya mbegu. Huchomekwa sentimita tano chini, saa tatu asubuhi, na kusomwa baada ya dakika chache. Leo mchana hewa imefika nyuzijoto 17, lakini asubuhi udongo wetu ulikuwa nyuzi 8. Bila shaka mwanzoni mwa Machi ulikuwa chini ya hapo. Mchicha huota vizuri udongo ukiwa nyuzi 18 hadi 20 au zaidi, na bamia hutaka zaidi ya hapo. Mfinyanzi, kwa kuwa hubeba maji mengi, ni mzito wa kupata joto, na anga la machipuo likiwa wazi joto la mchana lote huondoka usiku. Tanga mtu hahitaji kujua hayo, kwa sababu huko udongo haupoi kiasi cha kuzuia mchicha. Swali la Mama kuhusu mvua lilikuwa swali sahihi kwa Tanga.

Mambo madogo ya mwezi huu: paka wa mtaa wamegeuza tuta letu laini kuwa choo, tukalifunika kwa wavu wa waya wa pauni 12 na tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Likizo ya Pasaka imeanza, na wiki hii fedha nyingi kuliko zote za mradi zimekwenda kwa mnyama wa gramu 900.

Watoto waliona kuwa kama bustani imeshindwa kuwalisha Kitumbua na Mandazi, basi wawapeleke wao kwenye majani. Jumanne iliyopita, jua likiwa kali, waliwatoa uani ndani ya kizimba kisicho na sakafu, wakawaacha wale nyasi mbichi kuanzia saa nne hadi saa tisa. Nilikuwa nimelala baada ya zamu ya usiku, na mke wangu alikuwa kazini, shangazi yao akiwaangalia. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kesho yake Mandazi alikuwa amejikunyata pembeni, tumbo limejaa, anaharisha na hataki hata karoti. Simbilisi asiyekula kwa siku moja tu huwa katika hatari, kwa sababu utumbo wake umeumbwa kutosimama, kwa hiyo hatukungoja. Daktari wa wanyama alimpa dawa na chakula cha unga cha kulishwa kwa bomba la sindano, akatutoza pauni 56. Binti alimlisha kila baada ya saa tatu, usiku nikimsaidia, na kufikia Ijumaa alikuwa anapiga mluzi tena kila jokofu likifunguliwa.

Maelezo ya daktari nayaweka hapa kwa ukamilifu. Simbilisi aliyekaa miezi yote ya baridi akila nyasi kavu hawezi kuhamishiwa nyasi mbichi kwa siku moja; anaanza na robo saa, huku ameshiba nyasi kavu kwanza, na muda unaongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili. Asikae nje hewa ikiwa chini ya nyuzi 15, wala juu ya nyasi zenye umande. Nilipomweleza mpango wetu wa kuwalisha mchicha, alisema wapewe vijani vichache mara moja au mbili kwa wiki, si zaidi, kwa kuwa mchicha una oksalati na kalsiamu nyingi na simbilisi hupata mawe ya kibofu kwa urahisi. Wanachohitaji kila siku ni vitamini C, ambayo kama sisi binadamu hawawezi kujitengenezea mwilini, na hiyo wanaipata kwenye pilipili hoho. Kwa hiyo ahadi ya watoto kwa simbilisi imepunguzwa rasmi, na wahusika hawakuulizwa.

Kuhusu bustani yenyewe: juzi tarehe 12 tumesia upya, ndani ya nyumba. Mifuko miwili ya mboji pauni 13. Vyombo ni vikopo vya chakula vilivyotobolewa chini, bure. Mchicha uko juu ya kabati karibu na kipasha joto cha jikoni, na bamia ililoweshwa usiku mmoja kwanza.

Jumamosi, 26 Aprili

Mchicha uliota siku ya nne, bamia siku ya saba. Ndani ya wiki moja miche yote ilikuwa imerefuka kama njiti, myeupe, imelalia upande wa dirisha, kwa sababu nilikuwa nimewapa joto nikawanyima mwanga. Dawa yake haikugharimu kitu: mara tu mbegu zinapoota, vyombo viondolewe kwenye joto vipelekwe kwenye dirisha la kusini, vigeuzwe kila asubuhi, na nyuma yake kuwekwe boksi lililofunikwa karatasi ya fedha ya jikoni ili irudishe mwanga. Miche iliyokwisha kurefuka niliihamisha nikaizika hadi karibu na majani ya kwanza. Hiyo ya mchicha imekubali, sitini imesimama. Ya bamia imebaki kumi na moja.

Leo tulitoka wote kwenda Swithland Wood, msitu ulioko kaskazini-magharibi ya Leicester, jirani na hifadhi ya Bradgate ambako kuna kulungu na magofu ya nyumba ya Lady Jane Grey, yule binti aliyekuwa malkia kwa siku tisa mwaka 1553. Wakati huu wa mwaka sakafu ya msitu hugeuka buluu kwa maua ya mfano wa kengele, ambayo huwahi kuchanua kabla miti haijatanda majani na kuwazibia jua. Binti alitaka kuchukua machache na mizizi yake ayapande kiwanjani. Nilimkatalia kwa sababu mbili: kuyang'oa msituni kumekatazwa na sheria ya mwaka 1981, na ni sumu kwa simbilisi. Sababu ya pili ndiyo iliyomtosha.

Lakini kitu tulichorudi nacho hakikuwa ua. Hapajanyesha mvua ya maana kwa wiki nyingi, na matuta yetu yamepasuka nyufa ambamo mwanangu huingiza kidole chake chote. Kule msituni aliinama akafanya vilevile, akasukuma kidole chini ya majani makavu, akapiga kelele: "Baba, huku chini kuna maji!" Nilipeleka mkono wangu. Juu palikuwa pakavu kama karatasi. Sentimita mbili chini palikuwa na unyevu, baridi, na harufu ya udongo baada ya mvua. Nimelima utotoni, nimesikia neno matandazo tangu shule ya msingi, na bado ilibidi mtoto wa miaka mitano anichukue mkono.

Jioni tulipitia kiwanjani na kulitandaza tuta la kwanza kwa nyasi zilizokatwa na jirani, unene wa vidole vitatu. Tuta la pili tumeliacha wazi ili tulinganishe.

Jumanne, 6 Mei

Miche thelathini na moja imekufa.

Tarehe 1 Mei joto lilikuwa la ajabu, siku ya kwanza ya Mei yenye joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Uingereza, na kipimajoto cha udongo kikasoma nyuzi 15. Nilijiambia machipuo yamekwisha na kiangazi kimeingia. Jumamosi tarehe 3 tulipandikiza miche arobaini ya mchicha. Ishirini iliyobaki iliachwa dirishani kwa kukosa nafasi tu, wala si kwa busara. Mzee mmoja mwenye asili ya Jamaika, ambaye amelima upande wa juu wa mteremko kwa zaidi ya miaka thelathini na ambaye watoto wetu humwita Babu, alipita na toroli lake, akasimama, akatazama, akasema, "Mapema kidogo, au siyo?" kisha akaenda zake. Ni ustaarabu wake tu uliomzuia kusema zaidi, na ni ukaidi wangu ulionizuia kuuliza.

Usiku wa kuamkia leo anga lilikuwa jeupe kwa nyota. Asubuhi majani ya mchicha yalikuwa meusi, laini, yenye maji, kama mboga iliyosahaulika kwenye jokofu la kugandisha. Ilikuwa jalidi, ile sakitu ambayo watu wa Njombe na Makete wanaijua na sisi wa pwani tunaisoma vitabuni. Kipimajoto cha ukutani kwenye kibanda kilikuwa kimeshuka hadi nyuzi 2 tu, si sifuri, na hilo lilinichanganya hadi Babu aliponieleza: hewa baridi ni nzito, hutiririka mteremkoni kama maji na kutulia chini, na kiwanja chetu ndicho kiko chini kabisa, kwa hiyo kifuani pa mtu panaweza kuwa nyuzi 2 na kwenye majani pakawa chini ya sifuri. Yeye hatoi callaloo yake nje mpaka mwisho wa Mei, na kabla ya hapo huizoesha: mchana nje, jioni ndani, kwa siku kumi.

Miche tisa ilipona, na namna ilivyopona ndiyo iliyotufundisha. Jumatatu mwanangu alikuwa amemwona mnyoo juu ya udongo mkavu, akamfungulia mwavuli wake wa vyura ili apate kivuli, kisha tukaondoka tukausahau. Miche yote tisa iliyokuwa chini ya mwavuli huo ilikuwa mizima, na mstari kati ya iliyokufa na iliyo hai ulikuwa umepinda sawasawa na ukingo wa mwavuli. Udongo hupoteza joto lake usiku kwa kulitoa kuelekea angani, na kitu chochote kinachouziba, hata mwavuli wa mtoto, hulirudisha. Nimenunua kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia miche, mita kumi kwa pauni 7, na pakiti nyingine mbili za mbegu kwa pauni 4.40.

Nilipomweleza Mama kuwa mchicha umeunguzwa na baridi, alinyamaza kwa muda. "Baridi inaunguza, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi rudini nyumbani."

Jambo moja zaidi kuhusu matandazo. Tuta lililotandazwa linabaki na unyevu siku nne baada ya kumwagiliwa, na lile la wazi siku moja na nusu, hilo tulilitarajia. Tusilolitarajia ni kwamba asubuhi hii tuta lililotandazwa limesoma nyuzi 2 chini ya lile la wazi, kwa sababu matandazo yanalinda ubaridi wa ardhini kama yanavyolinda maji. Nimeyaondoa na kuyarundika pembeni mpaka udongo upate joto. Anayeiga, atandaze mwisho wa Mei, si Aprili.

Jumapili, 18 Mei

Miche ishirini ya dirishani imezoeshwa kwa siku kumi na kupandikizwa leo, chini ya kitambaa, pamoja na ile tisa ya mwavuli. Udongo wa wazi nyuzi 15, chini ya kitambaa 18. Mbegu mpya zimesiwa moja kwa moja kwenye tuta la pili, nalo limefunikwa. Bamia sita zilizobaki hazitatoka jikoni. Nimeacha ubishi nao.

Simbilisi sasa wanakaa nje kwa muda wa saa mbili kila jioni, na Mandazi amenenepa.

Ijumaa, 30 Mei

Mbegu za tuta la pili ziliota siku ya sita, katika mistari yake. Binti alipiga picha mistari hiyo na kumtumia bibi yake bila maelezo.

Mvua nayo imerudi wiki hii baada ya ukame wote ule, na pamoja nayo wamekuja makoa, yaani konokono wasio na nyumba. Jumanne asubuhi tulikuta miche minane imekuwa vijiti, na njia za ute zinazong'aa zikitoka wapi? Kwenye lile rundo la matandazo nililoliweka pembeni mwenyewe. Nilikuwa nimewajengea nyumba na kuwaandalia meza hatua mbili kutoka mlangoni.

Zile punje za sumu za metaldehidi ambazo watu wa zamani bado huzitaja zimepigwa marufuku nchini humu tangu mwisho wa Machi 2022, na nisingependa kuzitumia mahali ambapo mtoto huokota kila kitu. Jirani alishauri vikombe vya bia vifukiwe ardhini ili makoa watumbukie. Tulimshukuru na kueleza kuwa nyumba yetu haina kitu hicho. Tulichofanya ni kuzika maganda ya mabalungi yaliyokamuliwa, yakiwa yameinamishwa kama vibanda, na asubuhi kila ganda lilikuwa na makoa wanne au watano. Njia iliyofanya kazi kuliko zote, hata hivyo, ni kwenda saa nne usiku na tochi. Watoto hawana shule wiki hii, kwa hiyo niliwaruhusu. Walivaa mabuti juu ya nguo za kulalia, mmoja akishika tochi na mwingine ndoo yenye maji ya chumvi, wakakusanya 63 usiku wa kwanza, 41 wa pili na 12 jana. Mwanangu anasema ni matembezi mazuri kuliko yale ya msituni. Rundo la nyasi nimelipeleka upande wa pili wa kiwanja.

Imebaki miche ishirini na moja mikubwa, na midogo isiyohesabika.

Jumamosi, 7 Juni

Jana ilikuwa Idi ya kuchinja, na leo, Idi mosi ikiwa imekwisha kwa pilau, tumevuna kwa mara ya kwanza. Hatukung'oa, tulikata vikonyo vya juu na kuacha majani manne chini ili mmea uchipue matawi, na kila mmea ulitoa kikonyo kimoja. Mzani wa jikoni ulionyesha gramu 420. Kitita cha mchicha cha uzito unaokaribia huo dukani ni pauni moja na nusu.

Gharama za bustani hadi leo, kodi ikiwemo, ni pauni 104.50, ukijumlisha daktari wa Mandazi ni 160.50. Atakayeiga bila makosa yetu anaweza kuondoa mbegu za kwanza na daktari, na abaki na kama pauni 98, ambazo nyingi hazirudiwi mwaka wa pili isipokuwa kodi, mboji na mbegu.

Mke wangu aliupika kwa tui, kitunguu na nyanya moja, dakika saba tu, sufuria ndogo. Kila mtu alipata vijiko vitatu. Binti alipeleka bakuli moja kwa Babu wa mteremkoni, akarudi na miche miwili ya maboga na ujumbe kuwa isitolewe nje bila kitambaa kwa siku tatu za kwanza. Simbilisi walipewa jani moja kila mmoja, chini ya usimamizi. Kitumbua alikula. Mandazi alilinusa, akaliacha, akarudi kwenye pilipili hoho yake.

Tuta la pili litakuwa tayari kupunguzwa wiki ijayo, na bamia moja jikoni imetoa kitu ambacho nadhani ni tumba, ingawa sijaruhusu mtu yeyote kumpigia Mama simu mpaka kifunguke.